Mji ukifika mlangoni: anzeni kupanga nyumba, mashamba yafuate

Baba mdogo aliuza kipande cha kwanza pale barabara ya njia nne ilipoanza kujengwa kutoka Nsalaga, jijini Mbeya. Hatua ishirini kwa ishirini, akapata pikipiki. Shamba lilikuwa eka moja ya viazi, juu ya Uyole, kwenye udongo mweusi. Sasa lina nyumba tano, na choo kimoja kimechimbwa upande wa kisima chetu.

Niko kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Mara ya kwanza tulipaka ramani rangi ya kijani, tukaandika "kilimo", tukadhani tumemaliza. Jiji likipima viwanja na kuweka masharti, bei hupanda. Asiyeimudu anavuka mpaka anakuja kwetu. Kwa hiyo usianze na kijani. Anza na nyumba.

Piteni kitongoji kwa kitongoji mkihesabu vijana watakaojenga ndani ya miaka kumi. Tengeni eneo la makazi karibu na barabara, shule na bomba la maji, viwanja viwe vidogo. Hesabu yenyewe hii: eka ni kama mita za mraba 4,047. Kwa viwanja vya mita 20 kwa 20, ukishatoa njia unabaki na saba au nane. Lakini vijana wanane wakijenga kila mmoja katikati ya nusu eka yake, mmeshakula eka nne. Hapo ndipo viazi vinapokwisha, na wala hakuna mgeni aliyenunua.

Vyanzo vya maji viacheni mita 60 kila upande, ndivyo sheria ya mazingira ya 2004 inavyosema.

Kisha peleka mpango kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana ndio unaoupitisha chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007. Uitisheni viazi vikishang'olewa. Sisi tuliuitisha wakati wa kupanda, wakaja madalali.

Mpango ukishapita, ombeni hati za hakimiliki ya kimila, jina la mke na la mume yote mawili. Na mauzo yapite halmashauri ya kijiji. Karatasi zinazosainiwa kilabuni jioni, shahidi akiwa na chupa ya tatu, ndizo zilizotumaliza.

Hati haizuii eneo lenu kutangazwa kuwa eneo la mipango miji. Ila siku ya tathmini ya fidia ndiyo inayoonyesha shamba ni la nani. Piga picha, hesabu miparachichi mmoja mmoja, na usisaini fomu kabla hujalinganisha idadi.

Jumamosi iliyopita baba mdogo alikuja kuomba kiwanja cha kitinda mimba wake kwenye eneo la makazi. Tulimpimia kwa futikamba, mita ishirini kwa ishirini. Akalalamika kwamba hatua zake zilikuwa ndefu zaidi.