Jinsi ya kujua kama muvi ya kutisha ya Uingereza imeangushwa na dairekta, sio bajeti

Unaangalia muvi ya kutisha ya Waingereza ya hela ndogo, jumba la zamani kijijini, ukungu, watu watano, na huogopi hata kidogo, basi usikimbilie kulaumu bajeti. Angalia kamera ikifika mlangoni. Dairekta anayejua kazi anaiacha hapo, mlango umefunguka kidogo tu, ndani giza, sekunde zinapita na wewe roho iko juu, ila aliye dhaifu anakata haraka, anakuonyesha mzuka sura nzima mapema kabisa halafu anapiga muziki mkubwa ili ushtuke, hapo kwisha habari, hofu hairudi tena.

Waigizaji nao, wakisimama tu kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuongea, mara nyingi kosa sio lao, hawajaongozwa (hii huwa inaniuma sana, maana unaona kabisa wanajua kuigiza).

Halafu tafuta Host, muvi ya kutisha ya Uingereza ya 2020 ya dairekta Rob Savage, ilitengenezwa kipindi cha lokdauni kupitia Zoom, waigizaji wakijirekodi wenyewe majumbani, haifiki hata saa moja na inatisha kweli. Ilinganishe na hiyo yako, sini kwa sini.