Namna ya Kulitambua Jino la Kisukuku la Mnyama Mla Nyama wa Kale

Anayetaka kulitambua jino la kisukuku, yaani jino la kale lililogeuka kuwa jiwe, aanze kwa kuliacha pale alipoliona. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuhamisha visukuku bila kibali, na hata pasingekuwa na sheria, jino lililong'olewa kwenye tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwa kuwa mara nyingi umri wake hupatikana kutokana na majivu ya volkano yaliyolala chini na juu yake. Lipige picha pande zote zinazoonekana, rula ikiwa kando yake, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, kisha upeleke taarifa Makumbusho ya Kitaifa hapa Nairobi. Uchunguzi utaendelea kwa picha hizo na kwa kulitazama jino papo hapo lilipo.

Rangi isikupotoshe, maana weusi wa jino hutokana na madini ya udongo wala si kipimo cha umri. Tazama mzizi, upate kuyatenga meno ya wanyama wengine. Jino la mamba lina umbo la pia na uwazi upande wa chini, na halina mizizi iliyogawanyika. Pembe za kiboko na ngiri nazo ziko wazi chini, kwa sababu hukua maisha yote.

Chonge huvutia macho kuliko meno mengine, na ndiyo inayowakosesha wengi. Chonge ya juu ya nyani dume ni ndefu na kali, lakini upande wake wa mbele una mfereji mmoja wenye kina. Chonge ya simba ni nene, karibu mviringo, yenye mifereji myembamba ubavuni. Ikiwa imebapa kama jambia, huenda ni ya paka wa kale mwenye meno marefu. Homotherium, mmoja wa paka hao, ambaye masalia yake yamepatikana Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, alikuwa na chonge zenye kingo za misumeno midogo inayoonekana vizuri kwa lenzi.

Hata hivyo, ushahidi ninaouamini zaidi uko nyuma, kwenye gego la mkasi. Mnyanyue mbwa wa nyumbani mdomo wa juu, ukiwa mpole, nawe utaona jino moja kubwa lenye makali ambalo hupishana na kubwa la chini kama mkasi. La juu lina mizizi mitatu, la chini miwili. Kwa kuwa la chini hupita upande wa ndani wa lile la juu, jino la chini hulika upande wa shavuni, na la juu hulika upande wa ulimi. Elekeza tochi kwa mshazari na utafute pale palipolika, bapa linalong'aa lenye michirizi. Ukilipata, umekwisha kujua jino lilitoka taya lipi. Kisha tazama nyuma ya makali ya jino la chini: mbwa ana sehemu pana ya kusagia, mfano wa kisigino, ilhali simba na chui wana makali mawili tu yanayokutana kwa pengo la umbo la V.

Jamii ya mbwa, paka na fisi wa leo wana mkasi mmoja kila upande. Wanyama wa kale waitwao hayenodonti, ambao licha ya jina lao hawakuwa fisi, walikuwa na mkasi hata kwenye magego ya nyuma, na magego yao ya chini yaliongezeka ukubwa kadiri yalivyokwenda nyuma. Kwa hiyo kipande cha taya chenye meno mawili au matatu ya makali yanayofuatana kina thamani kubwa. Taya la namna hiyo lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1980, likakaa kwenye droo za makumbusho ya Nairobi, na mwaka 2019 watafiti wa visukuku Matthew Borths na Nancy Stevens wakalitangaza kuwa la Simbakubwa kutokaafrika, mnyama wa takriban miaka milioni 22 iliyopita. Jina lasema simba; meno yalikataa.

Jino moja pekee mara nyingi hukufikisha kwenye jamii ya mnyama, mara chache kwenye spishi yake. Katika taarifa yako, basi, usiandike "jino la simba". Andika ulichokiona: gego la chini, mizizi miwili, makali mawili, halina kisigino, urefu kwa milimita.