Kuiga usokotaji wa nyuzi nano kwenye kompyuta: anza na shanga, picha baadaye

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi hapa Nairobi aliniomba nimsaidie kuiga usokotaji wa nyuzi nano (nyuzi nyembamba mno za polima) kwa umeme kabla hajapata zamu ya mashine yenyewe. Hivi ndivyo tulivyokwenda. Laptopu ya kawaida inatosha.

1. Modeli

Tumia ile ya Reneker, Yarin na wenzao ya mwaka 2000. Mchirizi wa polima unaotoka kwenye sindano unakuwa msururu wa shanga zenye uzito na chaji. Kati ya shanga na shanga kuna springi na kizuizi cha mnato, vimefuatana. Chaji zinasukumana, uga wa umeme unazivuta kuelekea bamba la kukusanyia, na mvutano wa uso unajaribu kunyoosha kila kona. Ukishauriwa uanze na programu kubwa ya kulipia, kataa. Utajua kubonyeza vitufe, lakini hutaona nguvu ipi inafanya nini.

2. Zana

Python, NumPy (maktaba ya hesabu) na Numba (inayoharakisha Python). Usiikose Numba: shanga 200 zina jozi 19,900 za kusukumana, na zote zinapigiwa hesabu upya kila hatua. JETSPIN, programu iliyokwisha kuandikwa ya kuiga mchirizi huu, ni ya bure na ni nzuri, ila imeandikwa kwa Fortran. Ifungue baada ya kuandika yako.

3. Vipimo

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Modeli hii imezoea sentimita, gramu na sekunde, na chaji yake ni statikulombu. Maabara nayo inakupa kilovolti, paskali na mililita kwa saa. Ukichanganya, programu haitalalamika. Itakupa mchirizi unaodondoka kama maji ya bomba, au shanga zinazotawanyika hadi namba zikatike.

Badilisha kila kitu mara moja, mwanzoni mwa faili, na popote pengine usibadilishe tena. Kilovolti 1 ni stativolti 3.336. Paskali-sekunde 1 ni poizi 10. Kulombu 1 kwa mita ya ujazo ni statikulombu 2,998 kwa sentimita ya ujazo. Katika mfumo huu nguvu kati ya chaji mbili haina ile namba ya Coulomb, 8.99×10⁹; ukiibeba kutoka kitabu cha fizikia cha sekondari, umeharibu kila kitu.

Kisha jipime kwa shanga moja tu. Tuseme mkondo ni nanoampea 100 na mtiririko mililita 1 kwa saa: ukigawanya, chaji ni kulombu 360 kwa mita ya ujazo. Kilovolti 15 kwa umbali wa sentimita 15, na msongamano kama wa maji, vinakupa mchapuko wa mita 36,000 kwa sekunde mraba. Programu lazima iseme 3.6×10⁶, kwa sentimita. Isiposema hivyo, usiongeze shanga ya pili.

4. Hatua ya muda

Kusogeza shanga hatua kwa hatua, tumia mbinu ya hesabu ya Runge-Kutta ya daraja la nne. Punguza hatua kwa nusu, linganisha. Njia ikibadilika, punguza tena. Hifadhi hali ya shanga kwenye faili kila baada ya muda, maana stima ikipotea hutaki kuanza upya.

5. Yumbisha

Mchirizi ulionyooka kabisa hubaki umenyooka. Sogeza kila shanga mpya pembeni kidogo sana, kwa sin na kos, ndipo mizunguko ianze.

6. Kipenyo

Ujazo haupotei: kipande kikirefuka mara 100, nusu kipenyo hupungua mara 10. Kwa uzi mkavu, zidisha kipenyo kwa kipeuo cha pili cha mkusanyiko wa polima. Mchirizi wa nanomita 1,000 wenye polima asilimia 6 huacha uzi wa takriban 245.

Ukilinganisha na maabara, kumbuka modeli hii ya msingi haijui ukaukaji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, viyeyushi hukauka upesi, na cheche hutokea kwa volteji ya chini kuliko Mombasa. Volteji iliyofanya kazi kwenye skrini ipandishe taratibu mezani.