SOMO: Umeambiwa goti limesagika? Soma hapa kwanza, halafu uniulize

Wiki hii nimejibu swali moja mara sita. Wawili walinikamata pale mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, mmoja baada ya misa, watatu wamenitumia ujumbe kwenye simu. "Mama, daktari kaniambia magoti yamesagika, nifanyeje?" Naandika mara moja kwa kirefu hapa kwenye kundi letu. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Mimi si daktari. Nina miaka 58, nauza dagaa kwa jumla, naishi Mabatini kule juu kwenye mawe. Mwaka 2019 niliambiwa goti la kulia lina ostioathraitisi, ndio huo ugonjwa wa goti kusagika, na la kushoto likafuata. Ninayoandika nilielezwa na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), mengine nimeyapitia kwa mwili wangu.

Hatua ya 1. Hakikisha ni ugonjwa huu.
Huu wetu huuma ukitumia kiungo na hutulia ukipumzika. Asubuhi goti hukaza lakini huachia kabla ya nusu saa. Kama mkazo unachukua saa nzima au zaidi, au vidole vya mikono yote miwili vimevimba, mwambie daktari, huenda ni kitu kingine. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali leo hii, usisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Hatua ya 2. Lielewe neno ulilopewa.
Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, ile nyama ngumu, nyeupe na yenye kuteleza unayoiona kwenye kiungo cha kuku. Hiyo ndiyo inayochakaa, na kiungo kizima nacho hubadilika. Watu husema "ute umeisha". Si kweli. Goti lenye ugonjwa huu mara nyingi huwa na maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba. Tena usiiogope sana picha ya eksirei. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha nzuri wanaolala wakilia.

Hatua ya 3. Lia, halafu waambie wa nyumbani.
Mimi nilificha miezi miwili. Kwa miaka mingi nilishuka mwaloni saa kumi alfajiri kupokea mitumbwi, na gunia nilikuwa nalibeba mwenyewe. Nilipoambiwa goti limekwisha niliona kama nimeambiwa mimi ndiye nimekwisha. Jirani mmoja akasema ni uzee, mwingine akasema nimetupiwa kitu. Maneno yote mawili yaliniumiza kuliko goti.

Kilichonisaidia ni hesabu moja. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na asilimia 60 hivi ni wanawake. Hakuna mchawi wa kutosha kwa watu milioni 528. Nikamwita mwanangu na mkamwana wangu, nikawaambia kazi tatu ambazo siwezi tena na kazi zote ambazo bado naweza. Orodha hiyo ya pili itamke kwa sauti. Usipoitamka watakunyang'anya kila kitu kwa upendo.

Hatua ya 4. Usiulaze mguu.
Hapa ndipo nilipokosea. Nawaomba msome taratibu.

Neno "limesagika" liliniingia vibaya. Nikawaza mashine ya kusaga, kwamba kila hatua ninayopiga unga unadondoka, na nikipiga hatua nyingi goti litaisha mapema. Nikaacha kushuka. Miezi minne nikakaa kwenye mkeka, chakula naletewa, maji ya kuoga naletewa. Wiki mbili za kwanza maumivu yalipungua na nikamshukuru Mungu. Kisha kuinuka kwenye kiti kukahitaji mikono. Kisha paja likanywea. Binti yangu ni fundi cherehani, alinipima kwa utepe wake na paja la kulia likawa pungufu kwa sentimita 4 kuliko la kushoto. Asubuhi moja mvua imenyesha nikasema nishuke hadi kwa jirani. Kwenye jiwe la tatu goti likaachia lenyewe bila hata kuuma, nikaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza jambo ambalo ningeambiwa siku ya kwanza nisingeanguka: gegedu haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kutoka kwenye ule ute, na ute huingia na kutoka pale kiungo kinapokandamizwa na kuachiwa, yaani unapotembea. Na linaloshika goti lisiyumbe ni msuli wa paja. Kwa miezi minne nilikuwa nainyima gegedu chakula na naubomoa mhimili wa goti kwa mikono yangu.

Mazoezi niliyopewa, na bado nayafanya kila siku:

Keti mguu umenyooka, weka kanga iliyokunjwa chini ya goti, likandamize chini huku umekaza paja. Hesabu hadi 5, achia. Mara 10.

Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, shikilia hesabu ya 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu.

Simama na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono. Anza na kiti kirefu chenye mto. Mara 5, ukizoea mara 10.

Tembea mahali tambarare dakika 10, mara mbili kwa siku. Sisi wa mlimani tunahitaji kushuka kwanza. Mimi hutembea upande wa uwanja wa CCM Kirumba kabla jua halijawa kali.

Tahadhari. Maumivu kuzidi kidogo wakati wa zoezi si kosa. Yakiwa bado yamezidi kesho yake muda kama huo, ulizidisha. Punguza nusu, lakini usiache. Usichuchumae kwa nguvu eti unalinyoosha goti. Usimruhusu mtu alikande na kulivuta mpaka lilie. Na usitegemee wiki ya kwanza: mimi niliona tofauti wiki ya 7, na wiki ya 3 nilitaka kuacha.

Hatua ya 5. Dawa.
Anza na jeli ya kupaka yenye diklofenaki. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni ni vya siku chache kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Usichanganye viwili. Kanda kwa maji ya moto asubuhi.

Hatua ya 6. Rekebisha nyumba.
Jiko lipande juu ya meza ya matofali, wewe ukae kwenye kiti cha kawaida. Kigoda mpe mjukuu. Choo cha shimo kiwekewe kiti cha chuma chenye tundu. Fimbo ifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama, na uishike mkono wa upande usiouma. Kwenye ngazi na mawe: ukipanda tangulia mguu mzima, ukishuka tangulia mguu mgonjwa.

Hatua ya 7. Uzito.
Kilo 1 ikipungua mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Mimi nilipunguza kipande cha ugali, nikaongeza mchicha, na chai ya sukari nikaibakiza moja kwa siku. Kilo 7 kwa mwaka na nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wa Fasta: Somo refu mno. Taja dawa moja inayoponya tumalize.

Mwandishi: Haipo.

Mzee wa Fasta: Sasa somo la nini?

Mwandishi: La kukufanya utembee ukiwa nao. Hatua ya 4.

Binti Nyegezi: Shikamoo mama. Nyumbani kwetu bibi analishwa bamia na supu ya kongoro kila siku, wanasema inarudisha ute. Je, ni kweli? Nauliza kwa sababu bibi mwenyewe anasema anajisikia nafuu.

Mwandishi: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Ule utelezi wa bamia ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini ukiwa utelezi. Kongoro hali kadhalika. Lakini usimnyang'anye bamia, ni mboga nzuri. Kongoro yenye mafuta kila siku itamwongezea uzito, hiyo ipunguzwe. Kuhusu nafuu, ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe. Kilicholiwa wiki ya kushuka hupewa sifa. Na huenda nafuu nyingine inatoka kwako, maana kuna mtu anakaa naye na kumpikia. Muulize kama yuko tayari mfanye zoezi la kanga pamoja kabla ya supu.

Dereva wa Buhongwa: Mimi natumia diklofenaki kidonge asubuhi na jioni mwezi wa nane huu, nafanya kazi vizuri tu. Nina presha lakini nina dawa zake. Mnatisha watu bure.

Mwandishi: Kaka, una presha na unameza kila siku dawa inayopandisha presha. Nenda kapime presha na figo wiki hii. Ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni damu inayotoka tumboni, usisubiri hata saa moja. Sikutishi. Ninaye mtu wangu wa karibu aliyelazwa kwa hili.

Dereva wa Buhongwa: Nikiacha naendeshaje?

Mwandishi: Sasa hapo tunaongea. Muulize daktari kuhusu jeli. Simama na kutembea dakika chache kila unapofika stendi, usibaki umekunja goti siku nzima. Kiti kisogeze nyuma mguu upate nafasi. Na mazoezi mawili ya kwanza unaweza kuyafanya gari likiwa limesimama.

Tiba Asili Kanda ya Ziwa: Kuna dawa ya unga inaponya kabisa siku 14, sukari, presha, magoti. Walioko Igoma na Kisesa naleta mpaka mlangoni.

Mwandishi: Ndani kuna nini? Taja majina.

Tiba Asili Kanda ya Ziwa: Ni siri ya babu, ila ni mizizi mitupu.

Mwandishi: Basi usiuze hapa. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kupima dawa za mifupa za namna hiyo na kukuta steroidi (dawa kali ya kushusha uvimbe) au diklofenaki imechanganywa kwa siri. Mgonjwa anapona siku tatu, baadaye uso unavimba, sukari inapanda. Wanaotumia unga wa aina hii wamwambie daktari, wasiache ghafla peke yao, maana kuacha steroidi ghafla nako kuna hatari.

Kijana 22: Mimi viungo vinauma tangu utotoni, hasa baridi ikija, magoti, mikono hadi mgongo, na huwa nalazwa. Nianze mazoezi gani?

Mwandishi: Mwanangu, somo hili si lako. Maumivu tangu utotoni, yanayokuja na baridi na kukulaza, kapime selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando ueleze kama ulivyoeleza hapa. Ukipata majibu urudi utuambie.

Mwana wa Sengerema: Mama, mimi mama yangu aliambiwa mwezi wa pili. Tangu hapo hatoki. Jumuiya haendi, shamba la mihogo kaliacha, akiulizwa anasema "mimi ni wa kuletewa tu". Tukimwambia ajikaze analia. Hospitali si shida siku hizi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tunavuka kwa basi. Shida ni yeye mwenyewe.

Mwandishi: Acheni kumwambia ajikaze. Anasikia kwamba hamjamwamini. Keti naye, muulize kitu kimoja anachokikosa zaidi, kimoja tu, halafu mkirudishe hicho kabla ya vyote. Kama ni jumuiya, iombeni jumuiya ije isali kwenu wiki moja, na siku ya yeye kwenda mbebeeni kiti. Kupiga magoti hakuna anayemdai, Mungu anamsikia akiwa amekaa. Kama ni shamba, mpeni kipande cha kupalilia kwa jembe la mpini mrefu, nusu saa, mtu akiwa karibu. Msimfanyie kila kitu. Mimi nililetewa kila kitu na mmesoma nilipofikia.

Na hili zingatia: kama wiki mbili mfululizo halali, hali, hana hamu ya kitu chochote, mwambieni daktari kwa maneno hayo hayo. Huenda hiyo ni sonona, ni ugonjwa, una tiba. Akisema afadhali afe, mpelekeni siku hiyo hiyo na msimwache peke yake.

Mwana wa Sengerema: Wabeja sana mama. Nimemuuliza jioni hii. Kasema anakosa kwenda chooni mwenyewe bila kushikwa na mkamwana. Hatukujua.

Mwandishi: Pole. Anza na hicho kiti cha choo kesho, kabla ya zoezi lolote.

Mvuvi Igombe: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nimesikia kutembea ndani ya maji ni kuzuri kwa magoti. Sisi ziwa liko mlangoni.

Mwandishi: Uliyosikia ni kweli, maji yanaubeba uzito. Lakini maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na kichocho huingia kwa ngozi. Wewe mvuvi tayari unaingia majini kwa kazi, basi kila mara wanapogawa dawa ya kichocho umeze. Asiyekuwa na kazi ziwani asianze kuingia kwa ajili ya goti. Kiti na kanga vinatosha.

Fundi Grili Igoma: Viti vya choo nimevitengeneza vingi. Kipimo kizuri ni kukaa mtu mwenyewe: goti lisipande juu ya nyonga. Wengi inakuja sentimita 45 hivi. Miguu ya kiti ivalishwe mpira, sakafu ya choo ina maji muda wote.

Mwana wa Sengerema: Nimempima, 47. Fundi wa hapa anasema Jumamosi kitakuwa tayari.

Mwandishi: Mwambie aweke mikono ya kushikia pande zote mbili, asiweke upande mmoja. Na mlango wa choo ufungukie nje.