Kufundisha watoto kilimo cha kale kwa udongo na mtama

Wazazi na walimu, mkitaka watoto waelewe habari za wakulima wa mwanzo Afrika msianze na tarehe, anzeni na udongo. Chukua udongo wa mfinyanzi, changanya na makapi ya mtama na punje chache, mtoto afinyange kijungu kidogo, kianikwe kivulini hadi kikauke kabisa, afu achokoe zile punje taratibu kwa kijiti. Vinabaki vishimo. Mpe mwenzie ambaye hakuona abahatishe ni nafaka gani, watabishana hapo weee!

Sasa ndo unawaambia, wanaakiolojia walijua hivyo hivyo kwamba watu wa mashariki mwa Sudan walikuwa wanalima mtama zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, maana makapi waliyochanganya kwenye udongo yaliungua wakati wa kuchoma vyungu ila alama zikabaki kwenye vigae, na kwenye alama unaona kabisa punje ilivyoachana na suke. Mtama wa porini ukikomaa unapukutika wenyewe, wa shambani unang'ang'ania mpaka upurwe, kwahiyo pale mkono wa mkulima unaonekana kabisa na mimi naona hilo ndo la kukazia kuliko yote.

Wakichora shamba la hao watu wasiweke mahindi wala mihogo, vilitoka Amerika baada ya 1492. Wachore mtama. Na tumieni mtama wa kula, mbegu za kupanda mara nyingi zimetiwa dawa.