SOMO: Kugeuza wazo la hosteli kuwa biashara kabla hujamaliza chuo

Habari zenu wakuu. Vijana wengi wa chuo wana mawazo mazuri tu, ila ukiuliza limefikia wapi unaambiwa "tunamtafuta mtu wa kututengenezea apu" au "tunasubiri shindano lifunguliwe", mwaka unapita hivyo hivyo, mwenye wazo anamaliza UE (mitihani ya mwisho wa muhula) anarudi kwao na wazo linaishia getini. Leo naweka hatua, na nitashika mfano mmoja mwanzo mwisho maana somo la juu juu halimsaidii mtu.

Mfano wenyewe ni huu. Kila Julai mafainalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vingine vyote, wanaondoka wanaacha godoro, feni, ndoo, kapeti, meza ya kusomea, vingine vinagawiwa bure kwa sababu nani abebe godoro mpaka Kigoma. Halafu Oktoba na Novemba wanaingia mwaka wa kwanza wanaenda kununua vitu vile vile vipya Kariakoo kwa bei ya mgeni. Katikati hapo kuna hela.

HATUA YA 1: Hakikisha watu wanalitolea hela tatizo lako

Usizunguke hosteli unauliza "ungependa huduma kama hii?", kila mtu atakwambia ndio, sisi hatuna tabia ya kumkatalia mtu usoni. Uliza feni yako ulinunua wapi, ulilipa ngapi, uliibebaje mpaka hapa. Kama mtu alipanda daladala mbili na kumlipa bodaboda juu ili aipate basi tatizo lipo na lina bei. Kama anakwambia "aah mimi nilirithi kwa rumeti" nayo ni taarifa, kwamba soko lipo tayari ila linapita bure mkononi. Pita pia kwenye magrupu ya WhatsApp ya kozi na ya hall (bweni), hesabu ni mara ngapi mtu anaandika "nani anauza feni jamani". Huo ndo utafiti, haudai laptop.

HATUA YA 2: Fanya kwa mkono kwanza

Apu achana nayo kwa sasa. Unahitaji simu, grupu moja, fomu ya Google ya kuandikisha wauzaji, namba ya kupokelea hela na daftari. Mwezi wa tano au wa sita jaribu na vitu vichache tu, maana hata katikati ya mwaka kuna watu wanahama hosteli kwenda geto (chumba cha kupanga mtaani) Changanyikeni au Survey na wanahitaji kapeti na meza. Piga picha nzuri mchana, andika bei, ona inachukua siku ngapi mtu kutoa kishika uchumba (malipo ya awali). Akitoa hata elfu tano umejifunza kitu, akiweka emoji ya moto hujajifunza chochote.

Na hapa nitie neno moja, laptop na simu USIGUSE. Hosteli zina wizi wa laptop, siku moja utauziwa ya wizi na wewe ndo utakayekutwa nayo. Kwa vitu vingine muuzaji aandike karatasi, jina, namba ya simu, kitu gani, bei gani, asaini. Karatasi hizo zikae kwako, usizirushe kwenye grupu, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za watu sio za kuchezea.

HATUA YA 3: Piga hesabu mpaka shilingi ya mwisho

Hapa ndo wengi wanaanguka kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme umekodi chumba cha stoo 60,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni 180,000, na umeingiza vitu 30, magodoro 12 na feni 18. Ukigawa sawa kila kitu kinabeba 6,000 ya stoo.

Feni: umenunua 15,000, usafiri 2,000, kusafisha na fundi 2,000, stoo 6,000, jumla 25,000. Ukiuza 28,000 umebaki na 3,000.
Godoro: umenunua 40,000, kirikuu (kigari cha mizigo) na kulianika 5,000, stoo 6,000, jumla 51,000. Ukiuza 70,000 umebaki na 19,000.

Bei hizi ni za mfano, zako utazipata mtaani kwako. Msimu mzima hapo unapata 282,000. Mkiwa wanne ni 70,500 kila mtu, yaani hela ya kula, bado sio kampuni, tuseme ukweli. Ila umeshajua kitu gani kinalipa na kipi kinakuchosha bure.

Mtaji je? Kununua vyote hivyo ni 750,000, bado stoo na usafiri. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kwa mwenye mkopo kamili ni 10,000 kwa siku, kwa miezi miwili ni kama 600,000, na hiyo ni hela ya kula na kulala, usije ukaitia yote kwenye biashara ukalala njaa mpaka ukadisko (ukaondolewa chuo kwa kufeli). Dawa yake ni mali kauli. Unamwambia fainalisti chukua 10,000 sasa, thelathini zako nakutumia likiuzwa. Anakubali kwa sababu njia nyingine aliyonayo ni kuligawa. Ila ukishakubaliana hivyo andika, na likiuzwa tuma siku hiyo hiyo na risiti ya muamala, ukimzungusha mmoja tu habari inafika hall zote na mwakani hupewi hata beseni.

HATUA YA 4: Fanya biashara kwa kalenda ya chuo

Mteja wako ana hela wiki mbili na hana hela wiki sita. Bumu likiingia uza, likikata pokea kishika uchumba tu. Wiki za UE usitangaze chochote, kwanza hakuna atakayesoma, pili na wewe una mitihani, sapu (mitihani ya marudio) mbili zinaweza kula faida ya mwaka mzima. Likizo ndefu chuo kinakauka, mama ntilie wenyewe wanafunga, kwa hiyo wazo linalohitaji mteja kila siku, mfano chakula au dobi, lazima uliulize mapema litaishije miezi hiyo mitatu. Huu mfano wetu niliuchagua kwa sababu likizo ndo inautengeneza.

HATUA YA 5: Andikishaneni kabla hela haijaja

Marafiki wanne wa chumba kimoja, kila mtu "tuko pamoja", halafu mmoja anamaliza anaenda JKT, mwingine kapata kazi, mmoja amebaki anabeba magodoro peke yake, siku faida ikionekana wote wanne wanarudi. Hata Facebook iliyoanzia mabweni ya Harvard mwaka 2004, Mark Zuckerberg na mwenzake Eduardo Saverin waligombea hisa mpaka wakafika mahakamani. Kwa hiyo karatasi moja tu, nani kaweka shilingi ngapi, nani anafanya kazi gani, na sehemu yake mtu anaipata kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi, robo kila mwaka kwa mfano, akiondoka baada ya mwaka mmoja anaondoka na robo ya sehemu yake. Wote msaini, na shahidi awe mtu mnayemheshimu.

HATUA YA 6: Tafuta mteja mwenye hela kuliko mwanafunzi

Hii ndo inayotenganisha kuuza feni na kujenga kampuni. Ukikaa na watu wa mwaka wa kwanza utagundua hela ya godoro haitoki kwao, inatoka kwa mzazi yuko Mbeya au Bukoba, ana wasiwasi mtoto hajui Dar, atapigwa Kariakoo, atalala wapi siku ya kwanza. Mzazi huyo mpe pakeji, godoro, shuka, ndoo, feni, ekstensheni, analipia wiki moja kabla, mtoto akishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi akifika hosteli anakuta vitu vimeshafika. Sasa mzazi halipii feni tena, analipia utulivu wa roho, na bei yake inakuwa nyingine. Na pakeji hiyo hiyo unaipeleka Chuo Kikuu Ardhi ambao ni majirani tu wa Mlimani, unaipeleka vyuo vya IFM, DIT, Muhimbili, unahitaji mtu mmoja kila chuo. Hapo ndo utaanza kuona daftari linashindwa na apu inakuja yenyewe kwa sababu inahitajika.

HATUA YA 7: Urasmi, halafu ndo mashindano

Jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, unahitaji namba ya NIDA, gharama ni kama 20,000. TIN (namba ya mlipa kodi) ya TRA haina malipo. Leseni ni halmashauri. Kampuni yenye hisa ni hatua nyingine, ada inapanda kulingana na mtaji unaoandika, na ukishaifungua kuna taarifa za kila mwaka, usiikimbilie kabla mzazi wa kwanza hajalipa.

Ukiwa na mauzo nenda sasa Kijitonyama kwenye jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kuna Buni Hub na kuna DTBi, wanaatamia kampuni changa. Mlimani wana kituo chao cha ubunifu na ujasiriamali, SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, kuna SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ipo tangu 2019, inapendelea zaidi vitu vya kiteknolojia. Ukienda na daftari lenye wateja unasikilizwa tofauti na ukienda na slaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mdau yupo Mabibo): Mkuu hesabu ya stoo hapana. Godoro moja linakula nafasi ya feni sita, iweje zote zibebe elfu sita?

Jibu: Niligawa sawa ili iwe rahisi kufuata, ila kwenye daftari lako gawa kwa nafasi kama unavyosema. Godoro libebe 12,000, feni 2,000, jumla ni ile ile 180,000. Faida ya godoro inashuka mpaka 13,000 na ya feni inapanda mpaka 7,000. Yaani feni iliyoonekana takataka kumbe inalipa vizuri tu kwa nafasi inayokaa, na ukiwa na stoo ndogo jaza feni kwanza.

Swali (dada wa UDOM): Samahani kaka, magodoro ya kutumika si yana kunguni? Mimi binafsi siwezi kulalia.

Jibu: Swali la msingi sana dada. Yale yenye madoa au harufu usichukue hata bure. Yanayobaki anika jua kali siku kadhaa, pulizia dawa, vika kava jipya, na gharama ya kava iingie kwenye bei. Kwenye pakeji ya mzazi mimi ningeweka godoro jipya la kununua jumla, mzazi hataki kusikia habari ya mtumba kwa mwanae, la kutumika muuzie mtu wa geto anayejua anachonunua.

Swali: Ile mikopo ya halmashauri asilimia kumi wanafunzi tunapata?

Jibu: Ile kumi imegawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na kwa kawaida inatolewa kwa kikundi chenye shughuli kwenye eneo la halmashauri husika. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukiwa na kikundi na daftari la mauzo. Shida yake kwa mwanafunzi ni kwamba kikundi kikitawanyika mkimaliza chuo deni linabaki na majina yenu, hivyo rudi kwanza hatua ya 5.

Swali (mhandisi mtarajiwa): Wazo letu limetoka kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, tumetumia maabara ya chuo na supavaiza katusaidia sana. Ni letu au la chuo?

Jibu: Kasomeni sera ya miliki bunifu ya chuo chenu kabla hamjamwonyesha mwekezaji. Ongeeni na supavaiza mapema, kwa heshima, mkubaliane kwa maandishi. Angalieni Makerere, gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011 lilitokana na kazi ya wanafunzi na walimu wao, leo Kiira Motors ni kampuni ya serikali ya Uganda. Na biashara yenu sio lazima iwe kuuza kifaa chenyewe, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji, na moja ya njia alizotumia ni vituo ambapo mjasiriamali anatumia kichujio kuuza maji safi, mwananchi wa kawaida hanunui kichujio, ananunua ndoo ya maji.

Swali (mwanachama kutoka KU, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi): Sasa bro, huku kwetu mambo ni tofauti kiasi, tunangoja HELB (mkopo wa wanafunzi wa Kenya) na haina tarehe. Hii kitu inaweza fanya kazi?

Jibu: Inafanya, tena huko mko mbele kwa malipo ya simu. HELB isiyo na tarehe ndo sababu kubwa zaidi ya kumlenga mzazi badala ya komredi (mwanafunzi mwenzako). Jina la biashara mnasajili eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na hapo hapo KU mna kituo cha Chandaria cha kulea biashara changa, usipite mbali.

Swali: Na zikibaki? Desemba imefika nina feni sita hazijanunuliwa.

Jibu: Dar Desemba joto ndo linapanda mkuu, usishushe bei bado. Watangazie waliopanga geto na walinzi wa hosteli, subiri bumu linalofuata. Magodoro ndo uyapige bei hata kwa hasara kidogo, kila mwezi yanakula stoo.