Somo: Kusimamisha gurudumu linalozunguka, na kwa nini pa kushika pana uzito kuliko nguvu ya mkono

Habari za jioni wanakikundi. Juzi nilikuwa Tandika kwa fundi cherehani, nimepeleka suruali ipunguzwe. Yule mama akitaka mashine isimame hakazi mkono. Anaegesha kiganja kwenye ukingo wa gurudumu la pembeni, sindano inakoma palepale. Binti anayejifunza kwake alishika karibu kabisa na katikati, akakaza mpaka mishipa ikamtoka, na sindano ikapiga mishono mitatu zaidi.

Nimefundisha fizikia ya kidato cha tano na sita miaka mingi, na wanafunzi wengi huandika kwamba torki ni inesha mara mchapuko wa mzunguko (yaani kasi ya kuzunguka inavyobadilika kila sekunde) bila kuwahi kuigusa kwa mikono. Leo tuiguse. Torki ni nguvu ya kuzungusha: kani inayosukuma kandokando ya gurudumu, mara umbali wake kutoka kwenye ekseli. Inesha ya mzunguko ni ubishi wa gurudumu, yaani jinsi linavyokataa kuanza kuzunguka na linavyokataa kusimama. Ubishi huo hautegemei kilo peke yake. Unategemea kilo hizo zimekaa wapi, na umbali unahesabiwa kwa kipeo cha pili. Leonhard Euler ndiye aliyeipa inesha hiyo jina mwaka 1765.

Vifaa: gurudumu la mbele la baiskeli, jiriwa (mafundi wengi huiita vaisi), mkanda wa turubai kama wa begi, mizani ya ndoano ya kupimia mizigo, chupa ya maji, kopo la maziwa ya unga lililokwisha, na simu ya kurekodi video.

Hatua ya kwanza. Fungua gurudumu, bana upande mmoja wa ekseli kwenye jiriwa, upande wa pili ubaki wazi. Funga uzi mwekundu kwenye spoki moja ili uhesabu mizunguko. Tahadhari, na hapa sitanii: vidole, nywele na ncha za kanga zikae mbali na spoki. Nimeshaona kidole cha mwanafunzi kikiingia humo, na gurudumu halikuwa hata na kasi kubwa.

Hatua ya pili. Zungusha mpaka uzi upite mara 2 kwa sekunde, kisha liache lisimame lenyewe. Kasi hiyo ni rediani 12.6 kwa sekunde (rediani ni kipimo cha pembe; mzunguko mmoja ni rediani 6.28). Kama linachukua sekunde 60, basi msuguano wa gololi unapunguza rediani 0.21 kila sekunde. Andika pembeni. Wengi huruka hatua hii, halafu hesabu zao zikikataa wanalaumu fomula.

Hatua ya tatu ndiyo penye utamu. Pitisha mkanda juu ya tairi. Ncha moja ifunge kwenye mizani iliyonaswa chini, ncha ya pili ining'inize chupa yenye maji ya gramu 200. Mwenzako aishike chupa mkanda ulegee, gurudumu lizunguke kwa kasi ileile, sehemu ya juu ikielekea upande wa chupa, ndipo aiachie taratibu. Tuseme mizani inasoma gramu 700, yaani nyutani 7. Chupa inavuta nyutani 2. Tofauti yake, nyutani 5, ndiyo kani ya msuguano inayoburuta ukingo. Kumbuka hili: kinachosimamisha gurudumu ni hiyo tofauti. Kukandamiza kuelekea katikati hakuzungushi wala hakusimamishi chochote, ila kunauzaa msuguano.

Sasa hesabu. Nusukipenyo ni mita 0.33, kwa hiyo torki ni 5 × 0.33 = nyutani-mita 1.65. Rimu, tairi na tyubu vikiwa na kilo 1.8, inesha ni 1.8 × 0.33 × 0.33, karibu kilo-mita-mraba 0.2. Gawanya 1.65 kwa 0.2: kasi inapungua rediani 8.25 kila sekunde. Ongeza 0.21 ya gololi. Gurudumu linasimama baada ya sekunde 1.5 hivi, likiwa limezunguka mara moja na nusu.

Hatua ya nne. Toboa kopo katikati, lipitishe kwenye ekseli, lifunge kwa waya kwenye spoki za upande ulio wazi, halafu hamishia mkanda juu ya kopo. Nusukipenyo chake kiwe mita 0.05. Bati linateleza kuliko mpira, kwa hiyo ongeza maji mpaka tofauti irudi nyutani 5. Kani ni ileile, lakini torki imeshuka hadi 0.25. Gurudumu litachukua zaidi ya sekunde 8 na kuzunguka mara 8 au 9. Huyo ndiye binti wa Tandika anayeshika katikati.

Hatua ya tano. Toa kopo, rudisha mkanda kwenye tairi. Funga bolti 8 za gramu 100 kwenye spoki, zikiwa zimesambazwa sawasawa, sentimita 10 kutoka kwenye ekseli. Muda hautaongezeka hata kwa asilimia 5. Zisogeze bolti zilezile mpaka sentimita 30: inesha inapanda kutoka 0.2 hadi 0.27, na muda unakaribia sekunde 2. Hakuna gramu hata moja iliyoongezwa. Zikaze vizuri kwa waya, maana bolti ikichomoka inaruka.

Maswali ya wanakikundi

Mwanafunzi, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Nikizungusha mara mbili zaidi, muda nao si unakuwa mara mbili?

Marahaba. Muda ndiyo, mara mbili. Lakini mizunguko kabla ya kusimama inakuwa mara nne, kwa sababu nishati imepanda kwa kipeo cha pili: kutoka jouli 16 hivi hadi 63. Waulize madereva wa bodaboda, breki ya kilomita 60 si breki ya kilomita 30.

Fundi, Gerezani: Mwalimu, guta letu tumelifunga rimu nzito na sasa breki hazishiki. Ni hiyo inesha?

Kidogo tu, fundi wangu. Kilo iliyo kwenye rimu inahesabiwa mara mbili, kwa sababu inasonga mbele na inazunguka kwa wakati mmoja. Rimu tatu za kilo 3 ni kilo 9, zitasumbua breki kama kilo 18. Lakini guta lenu linabeba kreti za soda za kilo 300. Tazameni raba za breki na mzigo kwanza, rimu baadaye.

Dereva wa bodaboda, Tabata: Diski ya pikipiki ni ndogo kuliko rimu, mbona inashika kuliko breki ya baiskeli? Umesema karibu na katikati ni udhaifu.

Swali zuri sana, kaka. Umbali umepungua kweli, kwa hiyo kani lazima iongezwe. Mafuta ya breki yanakuza mkandamizo wa kidole chako mara nyingi, na pedi zinaibana diski pande zote mbili. Baiskeli inafanya kinyume: kani ndogo, lakini inashika kwenye rimu yenyewe, mbali kabisa na ekseli. Tatizo la rimu ni maji. Masika, barabara ya Tabata ikijaa, raba inateleza juu ya rimu iliyolowa mpaka izunguke mara kadhaa na kujifuta. Ukiendesha baiskeli wakati huo, gusa breki kidogokidogo kabla hujafika kwenye kona.